SOMO: KADI ZA SALAMU NA MZAHA WA KIFO



Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyopigwa chapa ili iuzwe ilitokea London mwaka 1843. Bwana Henry Cole, mtumishi wa serikali mwenye shughuli nyingi, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja ambayo angeweza kuwapelekea rafiki zake wote. Zikatolewa nakala kama 1,000, zikauzwa shilingi moja kila moja. Pembeni walichorwa maskini wakilishwa na kuvikwa nguo. Katikati walichorwa watu wa nyumba moja wakiwa mezani, wameinua bilauri za divai, na hapo katikati ndipo palipozusha maneno, maana mtoto mdogo naye alikuwa akinyweshwa. Watu waliokuwa wakipinga ulevi walichukizwa mno. Basi ugomvi juu ya kadi inayofaa na kadi isiyofaa una umri sawa na kadi yenyewe. Na Waingereza haohao, baadaye katika karne ile, walitumiana kadi za Krismasi zenye picha ya ndege aliyekufa, amelala chali miguu juu. Sisi tukiiona twashangaa, wao waliinunua.

Nimeanza mbali ili tusiwaonee vijana wetu. Hapa kwetu Kinondoni, Magomeni, Temeke hata Mbagala, kuna vyumba vya steshenari vyenye kompyuta moja na mashine ya kupiga chapa, na vijana wa humo hutengeneza kila kitu cha karatasi: kadi za michango ya harusi, ratiba za ibada ya mazishi, pamoja na fulana za msiba zenye picha ya marehemu na miaka yake. Asubuhi harusi, mchana tanzia. Wamezoea kifo kama seremala aliyezoea majeneza. Si ajabu basi kwamba mzaha wa kifo umeingia katika kadi za siku ya kuzaliwa, na hata katika zile za kuwatakia wagonjwa heri. Nyingine hazipigwi chapa kabisa, zinatumwa kwa simu, na hizo ndizo zinazosafiri mbali zaidi.

Nilionyeshwa moja. Mjukuu alimtengenezea babu yake aliyetimiza miaka 70. Nje kuna picha ya mzee ameshika mkongojo, ndani kumeandikwa: "Babu, Kinondoni kumejaa. Rudi nyumbani tukale keki." Hakuna mtu wa Dar es Salaam anayehitaji kuelezwa kwamba hapo Kinondoni ni makaburini, wala si sokoni. Babu alicheka mpaka akafuta machozi, akaagiza isomwe kwa sauti mbele ya wageni. Mimi nami nilicheka.

Lakini kadi ile ilipigwa picha, ikapita kutoka simu hadi simu. Mtu mmoja akaondoa neno "Babu" akaweka "Mzee", akampelekea jirani yake aliyekuwa ametoka hospitali baada ya kupasuliwa. Jirani huyo alikuwa amemzika mkewe palepale Kinondoni, hata matanga hayajasahaulika. Aliisoma, akazima simu. Watu wawili hao waliokuwa wakiazimana nyundo na ngazi kwa miaka mingi sasa wanasalimiana kwa shida.

Tuangalie vizuri jambo hili, maana ndilo somo lenyewe. Maneno ni yaleyale. Kama kosa lingekuwa ndani ya maneno, babu naye angeumia. Sisi walimu tumezoea kusahihisha maneno kwa kalamu nyekundu, lakini hapa kalamu haitusaidii, kwa sababu kadi ya mjukuu haikuwa na kosa hata moja. Kilichobadilika ni mkono uliotuma na mkono uliopokea.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kadi kufika huku, nao walilipa jina: utani. Lugha yetu inatenga utani na dhihaka, na inatenga utani na kejeli. Mtu yeyote aweza kukudhihaki. Kukutania hawezi, mpaka awe mtani wako. Na utani haujitwalii mtu kwa kupenda, una asili yake. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani kwa sababu ya misafara ya karne ya 19, wapagazi walipokuwa wakishuka kutoka Tabora hadi pwani na kupita katika vijiji vya watu wasiowajua. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne hiyohiyo, kisha uadui ukageuka utani. Wachaga na Wapare wanataniana mpaka leo. Na ndani ya nyumba, babu na mjukuu ni watani: babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na hakuna anayekasirika.

Habari hizi ziliwavutia hata wageni. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani kule Tanga, aliacha ndege zake kidogo akaandika juu ya utani wa Tanganyika, na makala yake moja ilitoka mwaka 1944. Mwaka 1963 J. B. Christensen aliandika juu ya utani wa Waluguru, naye aliona kwamba mzaha wao hauachani na wajibu.

Hapo kwenye wajibu tukae kidogo. Wengi wetu tumemwona mtani msibani. Anaingia wakati watu wanalia, anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anauliza nani atalipa madeni. Wengine huingia kaburini wakalala, wakikataa kutoka mpaka walipwe. Mgeni asiyejua desturi hudhani ni mwehu. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyefika kwanza. Ndiye aliyeshika jembe, aliyechota maji, aliyekesha na wafiwa, aliyembembeleza mjane akanywa uji. Mzaha wake umelipiwa kwa kazi. Tena mfiwa naye anaruhusiwa kumrudishia, leo au siku mtani atakapofiwa. Na mtani ana macho: akiona mama amezidiwa, ananyamaza, anakaa chini karibu naye.

Sasa iweke kadi karibu na mtani uone ilivyopungukiwa. Kadi haikushika jembe. Haioni uso wa anayeisoma, wala haijui kunyamaza. Haijibiki. Aliyeiandika hamjui atakayeinunua, na anayeituma kwa simu huwapelekea watu arobaini kwa kidole kimoja, kana kwamba wote ni wajukuu wake. Kadi ya mjukuu ilifaa kwa kuwa utani ulikuwapo kabla yake. Karatasi iliubeba tu. Karatasi yenyewe haiwezi kuuzaa utani pasipokuwapo.

Wengine watasema, mbona Simba na Yanga? Kweli, hao ni watani wa jadi, na Yanga walipoifunga Simba 5–1 mwezi Novemba 2023, matangazo ya tanzia ya bandia yalizagaa mjini. Hayo hayanisumbui sana. Kilichozikwa ni klabu, na klabu itafufuka Jumamosi ijayo, na anayechekwa leo anajua zamu yake itafika. Lakini pale penye maiti wa kweli hali ni nyingine. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, walikufa mamia ya watu wa makabila na dini mbalimbali. Nani angekuwa mtani wa wafiwa wote wale kwa mara moja? Anayechora mzaha wa msiba wa namna hiyo anajipa haki ambayo hakupewa na mtu.

Utetezi wa watu wa namna hii ni mmoja: "Nilikuwa natania tu." Akina mama wa pwani wanaujua utetezi huo katika kanga, mtu anapovaa jina lenye kijembe akapita mlangoni kwa jirani, na akiulizwa anasema ni kanga tu, ameipendea rangi. Kitabu cha Mithali, sura ya 26, mstari wa 18 na wa 19, kinamtaja mtu huyu na kumfananisha na mwenda wazimu arushaye moto. Neno utani lisitumiwe kuwafunika watu ambao hawajawahi kuchota hata ndoo moja ya maji katika nyumba wanayoichekesha.

Kwa vijana wenye steshenari nina neno la kazi. Kadi yenye mzaha wa kifo msiitundike dirishani pamoja na nyingine. Mteja akiitaka, mwulizeni inakwenda kwa nani, kama mnavyomwuliza jina la bibi harusi. Mkiwa na jina la mpokeaji, liandikeni ndani kabisa ya sentensi ya mzaha, ili isiwe rahisi kwa mtu mwingine kuichukua. Na kadi za wagonjwa ziacheni wazi ndani. Mwenye utani na mgonjwa ataandika mwenyewe kwa mkono wake, na mgonjwa ataujua mwandiko.

Kwa vikundi vya majadiliano, naomba mlitazame jambo hili moja. Bibi mmoja mcheshi ameacha maagizo kwamba katika ratiba ya mazishi yake, chini ya picha, yaandikwe maneno haya: "Msinisukume, naenda mwenyewe." Wajukuu wanataka yaandikwe. Binti yake wa mwisho, aliyemuuguza miaka minne, anasema hawezi kuyaona siku ile. Ratiba inakwenda kupigwa chapa kesho asubuhi. Nani asikilizwe, na kwa nini?