Foleni, Zamu na Kipaumbele: Istilahi za Upangaji wa Kazi katika Kompyuta

1.0 Utangulizi

Neno foleni, lililotokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kujipanga mstari, lina maana mbili katika Kiswahili cha Dar es Salaam: mstari wa wanaongojea huduma, na msongamano wa magari. Kwa mfundishaji wa mifumo endeshi ya kompyuta uwili huu si jambo dogo, kwani mstari ni utaratibu, ilhali msongamano ni dalili ya utaratibu kuzidiwa. Makala haya yanapendekeza kwamba foleni libakizwe kwa maana ya kwanza tu, na kwamba istilahi nyingine zitafutwe katika mambo ambayo wasemaji wanayaona kila siku, kwa mfano njia panda ya Buguruni, pale Barabara ya Uhuru inapokatana na Barabara ya Mandela.

2.0 Njia Panda na Kichakataji

Kichakataji kimoja hutekeleza kazi moja tu kwa wakati mmoja. Kazi tatu zikifika pamoja, zikihitaji sekunde 10, 4 na 1, na kuhudumiwa kwa mpangilio huo, wastani wa kungoja ni sekunde 8. Zikitangulizwa zilizo fupi, wastani hushuka hadi sekunde 2, wala hakuna mpangilio unaoushinda huo. Hata hivyo, kazi fupi zikizidi kumiminika, ile ndefu huweza kukaa pasipo kuguswa kabisa. Kiingereza huiita hali hii kwa neno lenye maana ya kufa njaa. "Kunyimwa zamu" latosha, wala halimlazimishi mwanafunzi kujiuliza kazi inakula nini. Dawa yake ya kawaida ni kuipandishia kazi kipaumbele kadiri inavyozidi kungoja.

Taa za kuongozea magari hufuata kanuni nyingine. Kila upande hupewa kipande cha muda, kisha hukatizwa hata kama malori yatokayo bandarini hayajaisha. Hiyo ndiyo zamu, nayo ni msingi wa mifumo ya kushirikiana muda, kama CTSS iliyoonyeshwa MIT, Marekani, mwaka 1961. Kwa kazi tatu zile zile, kipande kikiwa sekunde 1, wastani wa kungoja ni sekunde 4. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba kubadilisha zamu hakuna gharama. Njia panda yaonyesha vingine: baina ya taa nyekundu ya upande mmoja na ya kijani ya upande wa pili kuna muda ambao hapiti mtu. Kichakataji nacho hutumia muda kuhifadhi hali ya kazi inayotoka na kurejesha ya inayoingia. Vipande vikifupishwa mno, ubadilishaji hula muda wa kazi yenyewe. Vikirefushwa mno, zamu hurudi kuwa foleni tu.

Askari wa usalama barabarani anapousimamisha upande wenye taa ya kijani ili kulipisha gari la wagonjwa, hutumia kipaumbele, neno ambalo Kiswahili tayari kinalo. Lenye utata zaidi ni kukatiza. Hili lisichanganywe na kufuta, wala lisitafsiriwe kuwa kunyang'anya: kazi iliyokatizwa hurejea foleni na, zamu yake ifikapo, huendelea pale ilipoishia.