Uraibu wa Pombe: Tumbo Nalo Huhitaji Matibabu

Mraibu wa pombe mara nyingi huambiwa ajikaze. Akirudia chupa baada ya wiki chache, huitwa mtu asiye na msimamo. Wataalamu wa afya wanaeleza kwamba uraibu ni ugonjwa, na sehemu ya ugonjwa huo imo tumboni.

Tumbo na ubongo huwasiliana vipi?

Utumbo na ubongo hupashana habari kupitia damu na neva ndefu iitwayo vagasi. Ndiyo maana mtu mwenye wasiwasi huumwa na tumbo. Ndani ya utumbo pia huishi bakteria wengi wenye manufaa.

Pombe nyingi ya kila siku huvuruga bakteria hao na kudhoofisha ukuta wa utumbo. Sumu za bakteria hupenya hadi kwenye damu, hudhuru ini na kuchochea uvimbe unaoweza kuathiri ubongo. Utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waraibu waliokuwa na utumbo uliodhoofika walibaki na huzuni, wasiwasi na hamu kubwa zaidi ya pombe, hata baada ya takriban wiki 3 bila kunywa.

Pombe pia huzuia utumbo kufyonza vitamini B1. Ikipungua sana, mgonjwa huchanganyikiwa, huyumba na huweza kupoteza kumbukumbu kabisa. Hospitalini hudungwa vitamini hiyo mapema.

Asifungiwe nyumbani

Baadhi ya familia humfungia mraibu chumbani ili pombe "imtoke". Hilo ni hatari. Kwa mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, kuacha ghafla kunaweza kuua. Kutetemeka na jasho huanza baada ya saa chache. Degedege huweza kutokea ndani ya siku 2, na kuweweseka kati ya siku ya 2 na ya 4. Mtu huyo apelekwe hospitalini, ambako dawa hutolewa na hali yake kufuatiliwa.

Chakula baada ya kuacha

Utumbo huanza kupona pombe inapokoma. Uji wa wimbi, maharagwe, ndengu, sukuma wiki, matunda na maziwa lala husaidia kuurudishia mwili nguvu. Hata hivyo, chakula hakichukui nafasi ya dawa wala ushauri nasaha. Wakazi wajihadhari na wauzaji wanaodai kuwa na dawa ya tumbo inayomaliza uraibu. Matibabu ya kurekebisha bakteria bado yanafanyiwa utafiti.

Pa kupata msaada

Familia zinaweza kuanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha afya kilicho karibu. Nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo. Anayerudia pombe asifukuzwe. Arudishwe kwenye matibabu.