Mikoko na bei ya pamba

Mfanyabiashara wa Bariadi atauliza: mikoko inanihusu nini? Pamba ya Simiyu inayouzwa nje hupanda meli, na gharama za bandari hukatwa kwenye bei kabla mkulima hajalipwa.

Tazama Lamu, Kenya. Ujenzi wa bandari mpya ulikata mikoko na kuchimba kina, mazalia ya samaki yakaharibika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Mhasibu angeliita hilo deni lililofichwa, na deni la bandari hurudi kwa mwenye mzigo.

Unayefikiria kununua hisa za kampuni ya bandari au meli, uliza kwanza fungu la mazingira limeandikwa wapi kwenye mizania.