Makofi ya Windsor na Mlango wa Kanisa

Maandiko ya wiki: Mathayo 19:3-9, 1 Wakorintho 7:10-16, Yohana 4:5-30



Jumamosi tarehe 19 Mei 2018 nilikuwa kwa hoteli moja hapa Embu mjini nikingojea chai. TV ilikuwa inaonyesha harusi ya Prince Harry na Meghan Markle kutoka Windsor. Akina mama wa meza ya nyuma walipiga vigelegele, nami nikapiga makofi. Bibi harusi alikuwa ameolewa hapo awali wakaachana, na yule mume wa kwanza yuko hai. Waliofungishwa ndoa na Askofu Mkuu Justin Welby, kanisani kabisa. Hapo hotelini hakuna aliyeuliza swali.

Wiki hiyo hiyo, katika kanisa nililohudumu wakati huo, tulikuwa tumemkatalia dada mmoja ombi la kufungishwa ndoa. Mumewe alikuwa amemwachia watoto wawili, akaenda Nairobi akaishi na mwingine. Dada alikuja na bahasha ya karatasi za korti. Tulikaa naye dakika kumi hivi. Mimi ndiye nilikuwa karani, na niliandika: "Ombi limekataliwa." Akasema, "Asante, pasta," akachukua bahasha yake akaenda.

Tusidhani Uingereza walikuwa rahisi siku zote. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane aliacha kiti cha enzi kwa sababu alitaka kumwoa Wallis Simpson, mwanamke mwenye waume wawili wa zamani, wote wakiwa hai. Kanisa lao halikukubali. Ndugu yake akawa mfalme, na ndiyo maana Februari 1952 binti wa huyo ndugu, Elizabeth, akiwa Treetops kule Nyeri, akawa malkia. Mwaka 1955 dada yake, Princess Margaret, alitangaza kwamba hataolewa na Peter Townsend aliyekuwa ameachana na mkewe. Ni mwaka 2002 ndipo Kanisa la Uingereza lilipokubali kwamba aliyeachika anaweza kufungishwa ndoa kanisani katika hali za kipekee. Hata hivyo, mwaka 2005 Charles na Camilla walioana kiserikali kwanza, kisha wakaombewa kanisani. Mwaka 2023 walikuja Kenya kama mfalme na malkia, tukawapokea vizuri.

Sasa, sisi tunasimama wapi?

1. Ndoa si mkataba wa kuvunjwa ovyo. Mimi nilisomea biashara. Mkataba una kipengele cha kutoka. Yesu alipoulizwa habari za talaka, hakuanzia kwa kipengele cha kutoka. Alirudi mwanzo, kwa mume na mke kuwa mwili mmoja. Anayeacha bibi kwa sababu amepata mdogo asitafute andiko la kumfunika.

2. Maandiko yanataja hali ngumu. Mathayo anataja uasherati. Paulo anazungumzia asiyeamini akiondoka mwenyewe. Watumishi waaminifu hawakubaliani: wengine husema ni kifo pekee kinachomfungua mtu, wengine husema aliyeachwa bila kosa anaweza kuoa au kuolewa tena. Lakini hakuna andiko linalotupa ruhusa ya kuamua kabla ya kusikiliza.

3. Sheria nayo ipo. Kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, kutengana si talaka, hata kama ni miaka kumi. Bila amri ya korti, ndoa ya kwanza bado ipo na ya pili ni batili. Pia ndoa ya kimila inatambuliwa. Kwa hivyo usiseme "tulikuwa tumeoana kienyeji tu." Njoo na ukweli wote.

Yesu alipokutana na yule mama wa kisimani, hakuficha hesabu ya waume watano. Lakini pia hakumfukuza. Aliketi, akaongea naye mpaka mwisho, na mji mzima ukafaidika.

Yule dada alifunga ndoa serikalini, na hakurudi kanisani kwetu. Mwaka jana tulikutana sokoni, nikamwomba msamaha. Akaniuliza jambo moja tu: "Pasta, siku hiyo mlisoma karatasi zangu?"

Nikamwambia hapana. Hatukuifungua ile bahasha.

Pengine tungesoma na bado tukasema hapana. Lakini angejua amesikilizwa, na sisi tungejua tumehukumu kwa haki. Mgeni wa kwenye TV tulimpigia makofi bila kumuuliza. Dada yetu tukamhukumu bila kumuuliza. Zote mbili ni kosa moja.

Maswali ya kikundi cha nyumbani:
- Je, kuna mtu aliyeachika katika kikundi chetu ambaye tunamsalimia lakini hatumtembelei?
- Tunafanya nini kwa ndoa zinazoyumba kabla hazijafika kortini?
- Mzee wa kanisa akiletewa ombi kama hili, aulize nini kwanza?

Tuombe: Bwana, tupe hofu ya kuheshimu agano, na masikio ya kusikiliza waliojeruhiwa ndani yake. Amina.