Kipimo ni Amana: Darasa kwa Wauzao na Wanunuao katika Nchi ya Buha

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, na tunamsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo, na kila asomaye pamoja nao, jueni ya kwamba nchi yenu ya milimani imeneemeshwa kwa mvua na udongo. Hutoka kwenu maharage, mahindi, mihogo, kahawa na tangawizi. Na katika misitu ya Kibondo hutoka asali. Mali hii husafiri mpaka miji ya mbali. Walakini mtu akilifuata gunia moja la maharage tangu shambani mpaka kwa mlaji, ataona ya kwamba mara nyingi faida ya mchuuzi imetoka katika kipimo kuliko katika taabu ya biashara yake. Basi darasa hii ni juu ya jambo hilo: kipimo, na hila zifanywazo juu yake.

I. HILA ZENYEWE

Hila ya kwanza ni lumbesa. Gunia likisha kujaa hadi mdomoni, halifungwi. Huongezwa juu yake kilemba cha mazao, kikazungushiwa kamba au kikashonewa kipande cha gunia jingine, na bei ikabaki ile ile ya gunia moja. Tuseme gunia ni la kilo 100, na lumbesa ikachukua kilo 130. Mwenye kuuza magunia kumi amelipwa thamani ya kilo 1,000, naye ametoa kilo 1,300. Magunia matatu mazima yamekwenda bure. Katika hayo matatu mna jasho la kulima na kupalilia, mna ada ya mtoto wa shule, na mna chakula cha miezi ya njaa.

Hila ya pili ni ya debo. Debo hupima nafasi, halipimi uzito. Likigongwa kwa ndani hata ubavu wake ukavimba, huchukua zaidi. Likibonyezwa kwa nje, huchukua kidogo. Kwa hiyo wako watu wenye madebo mawili, moja la kununulia na moja la kuuzia.

Tena itazameni safari ya gunia lile. Aliyelinunua kwa lumbesa hauzi kwa lumbesa afikapo mjini. Huuza kwa kilo, au kwa kopo ambalo kitako chake kimeinuliwa. Basi mkulima ameibiwa kwa kipimo kilichozidi, na mlaji ameibiwa kwa kipimo kilichopungua, na mkono ulioiba ni mmoja.

II. HUKUMU YA DINI

Katika Qur'ani imo sura iitwayo Al-Mutaffifin, yaani wapunjao. Mwanzo wake ni onyo kali kwa watu ambao wakijipimia kutoka kwa wenziwao hutaka kitimie, na wakiwapimia wenziwao hupunguza. Mwenye kusoma habari ya madebo mawili, kisha akaisoma sura hii, hatahitaji mfasiri.

Aidha Nabii Shuaib (A.S.) alipopelekwa kwa watu wa Madyan, aliwaita kwanza katika kumwabudu Mungu mmoja, na neno lililofuata lilikuwa la kipimo na mizani, na la kutowapunguzia watu thamani ya vitu vyao. Yatupasa tuuzingatie utaratibu huo. Asidhani mtu ya kwamba ibada ni ya msikitini na soko ni la wenyewe.

III. SHAKA NA JAWABU LAKE

Huenda mchuuzi akasema: "Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara ya kuridhiana. Mimi sikumshika mtu kwa nguvu. Mkulima ameliona gunia, ameiona bei, naye ameridhika. Dhulma iko wapi?"

Jawabu letu ni hili. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kutoka nje ya mji kuzilaki bidhaa zilizo njiani, wakazinunua kabla wenyewe hawajafika sokoni na kuijua bei. Na imepokewa katika Hadithi sahihi ya kwamba mwenye mali aliyeuza njiani namna hiyo, akifika sokoni, anayo khiyari ya kuivunja biashara. Tazameni: mtu huyu alikuwa ameridhika, amekwisha kuuza kwa ulimi wake mwenyewe, na pamoja na hayo amepewa khiyari, kwa kuwa ridha isiyo na ujuzi si ridha iliyotimia. Je, madalali wanaosimama barabarani alfajiri kuwakinga akina mama wenye mizigo, wakiwaambia kwamba bei ya sokoni imeanguka, wanafanya jambo jingine?

Basi ikiwa aliyeridhika kwa kutojua amehurumiwa hivi, atakuwaje aliyeridhika kwa kukosa njia? Mwanawe ni mgonjwa, na wanunuzi wa soko zima wamekwisha kupatana ya kwamba hakuna atakayenunua ila lumbesa. Kunyamaza kwa mnyonge kusiitwe ridha.

Na liko jambo la namna hiyo hiyo: kununua mazao yangali maua. Kagera huiita butura katika kahawa, na watu wa Kusini huiita kangomba katika korosho. Mwenye shida hupewa fedha kidogo leo, na mavuno yake yote huchukuliwa kesho. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake.

IV. NENO KWA WAUZAJI

Dhulma ya mnunuzi haihalalishi khiyana ya muuzaji. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta umaji. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule umaji juu watu wauone, kisha Mtume akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi kutia mchanga katika maharage, kuchanganya ya zamani na mapya, kuanika mahindi nusu, na kutia maji ya sukari katika asali, yote yamo katika hukumu hiyo.

V. SHERIA YA NCHI, NA LA KUFANYA

Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasib, mwenye kazi ya kuzunguka masokoni na kukagua mizani. Na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kitabu juu ya kazi hiyo. Katika Tanzania kazi ya vipimo iko mikononi mwa Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iliyotungwa mwaka 1982, imekataza lumbesa, na kifungashio cha mazao hakiruhusiwi kuzidi kilo 100. Mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka na kutiwa alama. Na Tume ya Ushindani, kwa sheria ya mwaka 2003, hushughulikia udanganyifu wa wafanya biashara juu ya walaji. Basi mwenye kupeleka khabari ya mizani mbovu asione kwamba amechongea, amekataza mabaya.

Na haya myashike:

1. Uza kwa mizani, usiuze kwa debo. Itazame kwanza kama ina alama ya ukaguzi ya mwaka huu, na kama inaanzia sifuri ikiwa tupu.

2. Iulize bei sokoni kabla ya kumjibu dalali wa njiani.

3. Uzeni kwa pamoja, katika chama au kikundi. Mmoja akiikataa lumbesa huachwa na gunia lake. Kijiji kizima kikikataa, mnunuzi atarudi.

4. Ukilipwa kwa simu, usitosheke na ujumbe. Tazama salio lako kabla gunia halijapakiwa.

5. Patana kwa maandishi au mbele ya mashahidi.

Na wazee wa misikiti tunawanasihi wakae na wenziwao wa makanisa na viongozi wa vijiji, waweke sokoni mizani moja iliyokaguliwa, apimie kila atakaye. Mizani haiulizi dini ya mtu, na mwenye njaa hana dini ya peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza tunapotoa, na wenye kutosheka na haki yetu tunapopokea. Amin.