SOMO: WIKI MOJA KABLA YA KRISMASI

Kwa kawaida Disemba watoto wetu wako nyumbani. Lakini mwaka 2021, kwa ajili ya korona, kalenda ilivurugika: muhula wa pili ulifungwa tarehe 23 Disemba.

Wiki hiyo tulitembelea shule moja ya msingi hapa Kabati. Madawati mengi yalikuwa matupu. Mbona? Ukame ulikuwa umetangazwa janga la taifa tangu Septemba. Wengine walichunga mbuzi, wengine walifuata maji na punda, wengine waliona haya kwa sababu ya mchango ambao haujalipwa. Wazazi wakatuambia, "Wiki moja tu ni nini?"

Tuliingia darasa la nane. Mwalimu alikuwa anasahihisha mtihani ubaoni, swali kwa swali. Waliokuwepo waliona walipokosea. Wasiokuwepo walirudi Januari 3 na makosa yale yale, na KCPE ilikuwa Machi.

Tujifunze nini?

1. Wiki ya mwisho ni ya kusahihisha. Tusiidharau.
2. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumkataa mtoto kwa kukosa mchango. Mzazi, usimfiche mtoto; nenda ukaongee na mwalimu.
3. Mwethya si wa kulima tu. Majirani wanaweza kupokezana zamu ya maji na mbuzi.

Maswali ya jumuiya: Kwetu, ni mtoto gani hukosa shule? Nani atashika zamu yake kesho?