Shada Lenye Ushuhuda

SOMO LA WIKI: Harusi na Nyumba ya Kikristo
MAANDIKO: Yoshua 4:1-9, Isaya 61:1-3, Luka 14:28-30, 2 Timotheo 1:5



Wiki hii nina mzigo wa kusema juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo: maua anayobeba bibi harusi. Mimi na mume wangu tumefundisha darasa la wachumba kwa miaka kadhaa, na nimeona jamaa wakikosana kwa sababu ya maua. Ukichunguza, ugomvi huwa si wa maua. Watu wanagombania siku hiyo ni ya nani, na itasema nini mbele ya wageni.

Wacha niwape kisa kimoja. Mwenyewe ameniruhusu, ila jina sitataja.

Binti mmoja wa darasa letu alifiwa na mama yake miaka miwili kabla ya harusi. Huyo mama alikuwa muuzaji wa maua. Si waridi za mashamba makubwa ya Naivasha zinazopandishwa ndege kwenda Uholanzi. Yeye aliuza lili za mtoni, lile ua jeupe lililojikunja kama faneli, lenye kijiti cha manjano katikati. Huku nyanda za juu linamea lenyewe penye majimaji. Alikuwa anayakata alfajiri, anayafunga mafungu, anapanda matatu kwenda sokoni. Karo ya binti ilitoka hapo.

Kamati ya harusi ilipoketi, binti akasema angependa kubeba lili. Shangazi yake akasimama. "Hayo ndiyo maua tuliyoweka kwa kaburi la mama yako. Sasa unataka kutuletea matanga harusini?" Mwingine akaongeza kwamba ni maua ya bure, wageni watasema tumeshindwa. Wakanigeukia mimi nitoe mwelekeo. Kusema kweli, niliunga mkono shangazi. Nilimwambia binti achukue waridi tu, mambo yaishe. Akainamisha kichwa, hakujibu.

Usiku huo sikupata amani. Nilifungua Biblia, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Shada ni ushuhuda

Biblia haimwamuru bibi harusi abebe maua. Mtu anaweza kufunga ndoa mikono mitupu na ikawa ndoa kamili. Lakini ukiamua kubeba kitu, kiwe na la kusema.

Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliwaagiza watoe mawe kumi na mawili katikati ya mto. Hayakuwa vito vya thamani. Yalikuwa mawe ya mtoni tu, lakini yalitoka mahali pale miguu ya makuhani iliposimama maji yakiwa yamezuiwa. Na sababu ilitajwa: siku moja watoto watauliza mawe haya yana maana gani kwenu, na wazazi wawe na la kujibu.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa wachumba siku hizi. Mtoto wako atakapoitazama picha ya harusi na kuuliza, "Mama, mbona ulibeba maua haya?" utamwambia nini? Ukibaki na jibu la kwamba ndiyo yalikuwa fasheni, basi ulibeba pambo. Ukiweza kumwambia, "Keti nikueleze Mungu alivyotuvusha," umebeba jiwe la Yordani.

2. Mungu huweza kubadilisha maana ya ua

Katika lugha yetu neno ni moja. Shada tunalibeba harusini, na shada tunaliweka kaburini. Shangazi hakukosea kukumbuka kaburi. Lakini katika Isaya 61 Bwana anaahidi kuwapa wanaoomboleza taji ya maua mahali pa majivu. Hasemi majivu hayakuwepo. Anasema hayatakuwa neno la mwisho. Binti huyu hakutaka kuleta matanga harusini. Alitaka kusema kwamba Mungu aliyemshika kaburini ndiye amemfikisha madhabahuni.

3. Kukumbuka si kutambika

Najua kuna wapendwa watakaouliza: je, kubeba kitu cha marehemu si kuita wafu? Ni swali zuri, kwa maana Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kabisa kuwauliza wafu. Kama mtu anabeba kitu akiamini kinamlinda, au anasema na marehemu ampe baraka, hiyo tunakataa katika jina la Yesu. Lakini Paulo akimwandikia Timotheo anataja kwa majina bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kwa sababu imani ilipitia kwao. Kumshukuru Mungu kwa mama aliyekulea katika imani ni heshima, si tambiko.

4. Hesabu gharama

Hapa nitajisema mwenyewe. Harusi yangu, nilitaka shada kama nililoona kwenye gazeti. Pesa hazikutosha, nikakopa kwa chama. Maua yalinyauka Jumatatu. Deni tulilipa miezi saba, na ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa ulikuwa juu ya hilo deni. Yesu anauliza ni nani ajengaye mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu. Wapendwa, ketini mhesabu. Usibebe mbele ya madhabahu kitu ambacho mume wako atakilipa akiwa amenuna.

Mambo ya kuzingatia

Kaeni wawili, si kamati, na muulizane: ni nani alituombea? Mungu alitukutanisha wapi? Pale nyumbani kulimea nini? Jibu laweza kuwa waridi moja kutoka ua la nyanya, tawi la rosmari, au alizeti za shamba mlilolima pamoja. Maua matatu yenye sababu yanatosha.

Ukinunua, angalia kalenda. Karibu na Valentine mwezi wa Februari bei ya waridi hupanda. Nunua maua ya msimu, na uliza bei kwa wauzaji wawili watatu kabla ya kulipa.

Yakate siku moja kabla, asubuhi na mapema. Kata bua kwa mshazari, ondoa majani yatakayozama, na uyaweke kwa maji safi mahali penye baridi. Usiyaweke karibu na ndizi zinazoiva, yatazeeka haraka. Zile lili za dukani zenye chavua ya rangi ya kahawia, toa chavua kwanza kwa sababu hutia doa kwa gauni. Lili ya mtoni nayo ina utomvu unaowasha ngozi, kwa hiyo futa mabua yakauke na uyafunge kwa kitambaa.

Na kuhusu kurusha shada ati atakayelidaka ndiye atakayeolewa: mume mwema hutoka kwa Bwana, hatoki hewani. Tena huwa tunawaaibisha dada zetu wanaongoja, kuwavuta mbele ya watu wachekwe. Tafuta mtu wa kumheshimu, umkabidhi shada hilo mkononi.

Ilivyokuwa

Asubuhi nilimpigia binti simu nikamwomba msamaha. Kisha nikaenda kwa shangazi. Tulikunywa chai, akanyamaza kitambo, halafu akaniambia, "Sikukataa maua. Niliogopa nitalia mbele ya watu." Akaingia chumbani akatoka na kitambaa cha kichwa, kile marehemu alichokuwa anavaa kwenda kanisani. Alikuwa amekiweka, hajui atampa binti lini.

Siku ya harusi lili zilifungwa kwa kitambaa hicho. Shangazi alilia, na hakuna aliyemcheka. Baada ya ibada binti hakurusha shada. Alienda mpaka kiti cha shangazi, akapiga magoti, akampa.

Ndugu yangu, majani hukauka na maua hunyauka. Isaya alituambia mapema. Lililobaki ni neno la Mungu wetu, na kile ulichosema juu yake ukiwa umeyashika.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni "jiwe la Yordani" gani nyumbani kwako ambalo watoto wako bado hawajaelezwa?
2. Je, umewahi kulazimisha harusi ya mwenzako ifanane na unavyotaka wewe? Ulirekebisha vipi?
3. Kama kanisa, tunawezaje kuwapunguzia wachumba mzigo wa kushindana?

Ombi

Baba, tusaidie kupamba kwa ukweli, si kwa kuonekana. Wafariji wanaofunga ndoa bila wazazi wao. Wape taji mahali pa majivu. Katika jina la Yesu, Amina.